Nyumba ya Waya Mmoja

Jioni ilipofika, wapangaji wa nyumba ile hawakuzima taa. Walizivika kofia. Kofia ya kila chumba ilining'inia kwenye msumari kando ya mlango: kitambaa kizito cheusi, kimeshonwa mara mbili ili mwanga usipenye, na chini yake mkanda wa kukazia. Aliyetaka kulala alipanda kitini, akaivika balbu kofia yake, akakaza mkanda, akashuka. Asubuhi aliivua. Mpangaji mgeni alipopewa ufunguo alipewa na kofia, akaambiwa neno moja tu: swichi haiguswi.

Sababu yenyewe haikuwa na ajabu. Mwenye nyumba aliijenga nyumba ndefu, yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, bila dirisha hata moja, kwa kuwa dirisha linakula ukuta. Mchana na usiku vikawa ndugu humo ndani. Ulipofika wakati wa kuingiza umeme alimpa kazi mpwa wake, kijana aliyekuwa na koleo, bisibisi na moyo wa kuthubutu. Waya alimpimia kwa mkono wa birika. Haukutosha kumpelekea kila mpangaji njia yake. Basi mpwa akatoa waya mmoja kwenye mita, akauingiza chumba cha kwanza, akaupitisha ndani ya balbu, akautoa, akauingiza chumba cha pili, akaupitisha ndani ya balbu, akautoa, akaendelea hivyo mpaka chumba cha mwisho, kisha akaurudisha kwenye mita. Balbu zikakaa kama shanga katika uzi mmoja. Ukizima taa yako umezima ya jirani, na ya jirani wa jirani.

Chumba cha pili alikaa Mwalimu, mstaafu wa fizikia, ambaye hakuna mpangaji aliyempita bila kufundishwa.

"Mkondo hauna upendeleo," alikuwa akisema. "Unaopita kwangu ndio uleule unaopita kwako. Kinachogawanwa ni msukumo. Msukumo wa kuwasha balbu moja vizuri sisi tunaugawana nyumba nzima. Ndiyo maana tunaishi ndani ya chai ya rangi."

Kweli mwanga wa nyumba ile ulikuwa na rangi ya chai. Balbu hazikupata joto la kuunguza hata kitambaa cha kofia. Watu walizoea. Aliyetaka kusoma alisogea, na aliyetaka kujitazama kwenye kioo alijikumbuka tu.

Kofia zote zilishonwa na Mshonaji wa chumba cha mwisho. Alikuwa mjane mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu na binti mmoja aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi upande wa pili wa mji. Mikono yake ilisifika. Ilisemwa kwamba angeweza kuupima mwili wa mtu kwa kumsikia akipita koridoni.

Siku waya ulipokatika, Mshonaji alikuwa akikunja pindo la sketi. Juu ya kichwa chake, mahali mpwa alipounga waya kwa kuusokota na kuutia mate, pakatoa moshi mdogo, pakanyamaza. Nyumba nzima ikawa giza.

"Nani kagusa swichi?" Kinyozi alipiga kelele kutoka chumba cha kwanza, alichokifanya kibanda chake cha kunyolea. "Jamani, nina kichwa cha mtu hapa nusu!"

Mshonaji alipanda juu ya kiti akapapasa. Alipata ncha moja ya waya, kisha ya pili. Kipande cha katikati kilikuwa kimeungua chote, na kati ya ncha na ncha palibaki nafasi ya upana wa kifua cha mtu. Alizishika zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono huu, avute aone kama zitafikiana. Taa zikawaka.

"Hapohapo!" Kinyozi akasema. "Hapohapo, usitoe!"

Hakutoa. Haikumuuma. Baadaye alimwambia binti yake kwamba ni kama kuoga maji ya uvuguvugu kwa ndani, kutoka kiganja hadi kiganja. Na taa hazikurudi kama zilivyokuwa. Zilirudi nyeupe. Kiungo cha mpwa kilikuwa kimejaa kutu, na kutu hukinza umeme. Mshonaji hakuwa mtu wa kukinza. Wapangaji walitoka milangoni, wakatazama kuta zao, wakagundua kwamba zilipakwa rangi ya kijani.

Mwenye nyumba aliitwa. Watu walimwita Mzee Kesho, na yeye aliitikia, akidhani wanamsifu kwa kuona mbali. Alisimama koridoni, akayakinga macho kwa kiganja.

"Maashallah," akasema. "Mwambieni dada yangu ashikilie kidogo. Fundi anakuja kesho."

"Hamna neno," Mshonaji akajibu kutoka juu ya kiti. "Wema hauozi."

Wakazivuta zile ncha zikashuka kidogo, wakamsogezea kiti, akakaa.

Binti alipotoka chuoni alimkuta mama yake mbele ya cherehani, mikono ameitanua pande mbili kama mteja anayepimwa blauzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Chakula kipo kwenye sufuria. Ila leo utanilisha."

"Unafanya nini?"

"Nasaidia kidogo."

Binti alitazama ncha za waya, akatazama balbu, akaufuata waya kwa macho mpaka ulipotokea ukutani. Alikuwa wa kwanza darasani kwake na hakuhitaji kuelezwa. Alichukua kijiko.

Fundi hakuja kesho yake, wala kesho ya kesho yake. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, wakazikuta na pini, wakazichukua na pini zake, wakasema pole. Miguu ya Mshonaji ilikuwa na mazoea yake; ilikanyaga cherehani toka asubuhi, na sindano ikapanda na kushuka bila uzi wala kitambaa, ikishona hewa. Binti alimlisha, alimwosha, alimchana nywele, alimfunika shuka begani. Usingizi aliupata akiwa ameketi, na mikono haikushuka.

Ni Kinyozi aliyegundua kwanza kwamba mwanga unacheza. Alikuwa katikati ya kuchonga ndevu za bwana harusi, taa zikanywea. Akaenda mpaka chumba cha mwisho, wembe mkononi.

"Mama, samahani. Ulikuwa unawaza nini sasa hivi?"

Mshonaji aliona haya. "Nilikuwa nawaza kwamba ningeshona gauni la rangi ya zambarau. La kwangu mwenyewe."

"Basi usiwaze, Mama yangu. Nina ndevu za watu."

Mwalimu aliitwa atoe ufafanuzi, akatoa kwa furaha. Alisema kila kitu kinachopitisha mkondo kina ukinzani wake, kikubwa au kidogo. Waya mnene unakinza kidogo, waya mwembamba unakinza zaidi. Mshonaji akiwa ametulia hakinzi karibu chochote, na mkondo unapita kama mgeni kwenye nyumba isiyo na mbwa. Akiwaza mambo yake, anakinza. Na katika uzi mmoja, mmoja akikinza, wote wanapungukiwa.

"Na huo umeme anaoukinza unakwenda wapi?" Kinyozi aliuliza.

"Hauendi popote. Unamgeukia yeye. Unakuwa joto." Mwalimu aliweka kiganja kwenye paji la uso la Mshonaji kama anayepima kuiva kwa embe, akakitoa haraka. "Si mnaona?"

Mama Vifaranga wa chumba cha tatu aliona. Huyu alikuwa akitotolesha mayai ndani ya sanduku chini ya balbu yake, na kwa kuwa balbu ilikuwa ya uvivu, nusu ya mayai yalioza. Jioni hiyohiyo alikuja na ungo wa mayai, kumi na kitu, akauweka kwenye mapaja ya Mshonaji bila kuketi.

"Shoga, nishikie haya. Wewe si umekaa tu?"

Mayai yalianguliwa yote. Hakuna hata moja lililoharibika. Vifaranga wakazagaa kwenye kanyagio la cherehani, na Mshonaji akawa anakanyaga kwa uangalifu. Mama Vifaranga alileta ungo wa pili.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, kwa sababu Kinyozi alimtaka Mshonaji atulie ili taa ziwe nyeupe, na Mama Vifaranga alimtaka akinze ili apate joto. Asubuhi Kinyozi alikuja na maneno matamu.

"Mama yetu, taa ya nyumba, chumvi ya jikoni! Bila wewe sisi ni popo."

Akaondoka, na taa zikang'aa. Mara Mama Vifaranga akaingia, akahisi mayai kwa nyuma ya kiganja, akakunja uso.

"Yamepoa. Hebu niambie, wewe ni mshonaji gani? Ile suruali uliyomshonea mume wangu, mtu anakaa, suruali imesimama! Alikwenda nayo msibani, wafiwa wakacheka."

Taa zikanywea, mayai yakapata moto, na Kinyozi akapiga kelele kutoka chumba cha kwanza: "Nani anamchokoza Mama?"

Hivi ndivyo siku zilivyokwenda. Mmoja alimbembeleza, mwingine alimtukana, na wote wawili walimwita jirani mwema. Kucha zake zikawa na rangi ya kahawia kama karatasi iliyowekwa karibu na jiko. Nywele za kando ya masikio zikajikunja. Alikonda, na alikonda kuanzia mikononi.

Binti akaleta waya. Aliuomba kwenye karakana ya chuo, kipande cha shaba kizuri, kinene, kirefu kuliko haja yenyewe. Alizima umeme kwenye mita, akavifungua vidole vya mama yake, akaunga ncha kwa ncha, akafunga kwa utepe mweusi, akawasha. Taa zikawaka. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kupika chai.

Mshonaji alishusha mikono, akaiweka mapajani juu ya mayai, akaitazama kama vitu vilivyorudishwa na mtu aliyeviazima.

Lakini mwanga haukuwa uleule. Ulikuwa mzuri, ulikuwa bora mara nyingi kuliko wa mpwa, ila haukufikia weupe wa Mshonaji. Shaba nayo ina ukinzani wake, na Mshonaji akiwa ametulia alikuwa mwepesi kuliko shaba. Kabla ya jua kuzama Kinyozi alikuwa amemkata mteja sikio. Wapangaji wakakutana koridoni.

"Mimi sina neno na binti," Kinyozi alisema. "Kafanya kazi nzuri. Lakini tusidanganyane, wa mama yake ulikuwa mzuri zaidi."

"Na mayai yangu?" Mama Vifaranga aliuliza. "Waya una mapaja?"

"Mama anaungua," Binti alisema. "Mtazameni kucha."

"Nani asiyeungua katika maisha haya, mwanangu? Mimi mwenyewe mgongo huu!" Mama Vifaranga akajibu.

Mzee Kesho alisema nyumba ina mwenyewe. Alisema waya ule hakuununua yeye, hajui ukoo wake, na ukileta moto atamwambia nani? Fundi yuko njiani. Akimkuta mtoto wa watu amechezea nyaya, atasusa.

"Basi tuweke nyaya upya," Binti alisema. "Kila chumba njia yake, sambamba, kila mtu apate msukumo wake wote. Mtu akizima amezima yake peke yake. Kazi nitaifanya mimi, bure, siku mbili tatu tu za giza."

"Siku tatu za giza!" Kinyozi alisema. "Unyoaji wa kupapasa."

Binti alimgeukia Mwalimu. Mwalimu alikohoa.

"Kinadharia yuko sahihi," akasema, akaingia chumbani kwake.

Wakiwa bado wanabishana, taa zilizimika kidogo kisha zikarudi nyeupe pe. Wakaenda chumba cha mwisho. Mshonaji alikuwa ameufungua waya wa shaba mwenyewe, ameukunja vizuri, ameuweka juu ya cherehani, na ameketi na ncha mikononi.

"Msigombane kwa ajili yangu," akasema.

Waya wa shaba Mama Vifaranga aliuchukua, akaufunga barazani kutoka nguzo hadi nguzo, akawa anaanikia nguo. Ulikuwa mzuri, haukushika kutu.

Siku iliyofuata Binti alibisha hodi kwa Mwalimu. Alimkuta akisoma gazeti chini ya mwanga mweupe.

"Mwalimu, nataka kujua jambo moja. Mama akitulia kabisa haungui. Akikinza, anaungua. Je, akikinza zaidi?"

Mwalimu alivua miwani. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa swali zuri. Alichukua chaki akachora sakafuni mlima wenye mteremko pande mbili.

"Hapa chini, kushoto, hakinzi. Mkondo ni mkubwa, joto kwake hakuna. Anavyozidi kukinza, joto lake linapanda, linapanda, mpaka hapa kileleni, pale ambapo ukinzani wake peke yake unalingana na wa balbu zetu zote kwa jumla. Hapo ndipo anapoungua kuliko popote. Lakini akipita hapo, tazama, anaanza kushuka. Kwa sababu sasa anakinza kiasi kwamba mkondo wenyewe unakosa nguvu. Akikinza bila kikomo, hakuna mkondo, hakuna taa, na yeye ni baridi kama jiwe la mtoni. Mama yako anakinza nusunusu, binti yangu. Inayomuunguza ni adabu."

Binti alikipitia kile kilele kwa kidole.

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuuliza." Mwalimu alivaa miwani. "Na mimi nasoma kwa taa hiyohiyo."

Kuanzia hapo, kila jioni baada ya kumlisha, Binti alimfundisha mama yake kukataa. Alifunga mlango, akavuta kigoda.

"Sema sitaki, Mama."

"Si kwamba sitaki, ila—"

"Hapo kwenye ila ndipo unapoungua."

"Watu watanionaje?"

"Watakuwa gizani, Mama. Hawatakuona."

Mshonaji alicheka, na kucheka kwake kukaongeza mwanga, kwa hiyo halikuwa somo zuri. Alijaribu. Alikumbuka dharau moja, kisha akamkumbukia mwenye dharau hiyo udhuru. Taa zilishuka na kupanda. Alikuwa anapanda ule mlima hatua chache na kurudi chini, na kila akirudi, mlima ulikuwa umemwachia alama: leo kovu la shingoni, kesho nyusi zimeungua. Binti alianza kuogopa kwamba somo litamwua mwanafunzi. Hakuacha, kwa sababu upande wa pili wa mlima ulikuwepo. Alikuwa ameuona kwa macho yake, kwa chaki.

Ilikuwa siku ya mvua, mchana, Binti yupo nyumbani. Mzee Kesho alikuwa ameongeza chumba kwenye kona ya ua, kwa kuwa mwanga ulitosha kuongeza balbu moja, naye alikuwa akimtembeza mtu aliyetaka kupanga. Alisukuma mlango wa chumba cha mwisho bila hodi.

"Na umeme ni wa uhakika," akasema, akamwonyesha Mshonaji kwa kidole. "Haukatiki. Usiku na mchana."

Yule mtu alichungulia. Alitazama waya wa kulia, akautazama wa kushoto, akatazama mayai. "Unatumia nini?" akauliza.

"Hautumii kitu. Kijiko kidogo tu cha chakula."

Wakafunga mlango. Mshonaji alibaki ameutazama ule mlango.

"Hawakunisalimu," akasema.

Binti alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

"Nimekaa hapa, mtu mzima, mwanamke mwenye mtoto. Mtu anaingia chumbani kwangu ananitazama kama bomba. Hata 'habari'? Hata kukohoa?"

Taa zilianza kushuka. Jasho likamtoka, likakauka papo hapo kwa chumvi nyeupe. Binti alimwona akipanda: uso ulikuwa mwekundu, shuka begani likatoa harufu ya pasi, mayai yakaanza kuruka kwenye ungo kama bisi. Alitaka kusema "tulia, Mama", akajiuma ulimi.

"Sitaki," Mshonaji alisema.

Binti alingoja ile ila. Haikuja.

"Sitaki," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayepiga mstari wa chaki kwenye kitambaa. "Sitaki."

Mwanga ukawa wa chai, ukawa wa kutu, ukabaki uzi mwekundu ndani ya kila balbu, kisha uzi nao ukafa. Giza lilipotimia, Binti alimpapasa mama yake paji la uso. Lilikuwa baridi kama mtungi. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa umbo la waya, akavifungua kimoja kimoja, na ncha zikaning'inia hewani bila kazi.

Koridoni watu walikuwa wameanza kutoka. Hakuna aliyeshangaa; walilalamika tu.

"Mama, kuna nini?" Kinyozi aliita. "Nina mtu ana sabuni usoni!"

"Mama amekataa," Binti alijibu.

Watu wakahesabu hasara zao gizani.

"Amekataa vipi?" Mama Vifaranga aliuliza. "Mayai yangu yana siku moja tu yaanguliwe! Shoga, hata kama una hasira na mimi, vifaranga wamekukosea nini?"

"Kinadharia," Mwalimu alisema gizani, "inawezekana."

"Waya upo," Binti alisema. "Ule wa shaba. Nipeni tu ule wa kuanikia, nitauunga sasa hivi."

"Na mvua hii?" Mama Vifaranga alisema. "Nguo zangu hazijakauka."

Hakuna aliyemkatalia. Lilikuwa jambo la kweli. Nguo hazikuwa zimekauka. Binti aliomba angalau mshumaa. Ulipatikana mmoja nyumba nzima, na Mama Vifaranga akawa ameshauweka kwenye sanduku la mayai. Mzee Kesho alisema watu wawe na subira, akampeleka mpangaji wake mtarajiwa barazani akamwonyeshe paa.

Ndani ya chumba cha mwisho, Mshonaji alikuwa amesogeza kiti karibu zaidi na cherehani. Binti alimsikia akivuta kitambaa rafuni, akikipapasa uzi na pindo, akitafuta rangi kwa vidole. Akamsikia akivunja uzi kwa meno. Kisha akamsikia akijaribu, akikosa tundu la sindano, akilamba uzi, akijaribu, akikosa. Kinyozi aliwasha kiberiti mlangoni, kikaisha kabla uzi haujafika.

"Mwanangu," Mshonaji alisema.

"Naam, Mama."

"Shika kidogo, nitunge uzi."

Binti alisimama pale pale. Koridoni watu wote walisogea, hata mwenye sabuni.

"Mama."

"Kidogo tu. Ukipita tundu, achia. Macho yangu si ya jana, na vidole vimesahau."

Binti alijua kila kitu. Alijua mlima wote, kushoto na kulia, na alijua kwamba mkondo hauulizi anayepita ndani yake ni nani. Alijua pia kwamba tundu la sindano ni dogo na mama yake ametaka kitu kwa mara ya kwanza tangu waya ukatike. Akanyoosha mikono gizani, akazipata ncha, moja mkono huu na nyingine mkono huu.

Taa ziliwaka nyeupe kuliko zilivyowahi kuwaka. Wapangaji walifumba macho kwa pamoja, kisha wakafumbua.

"Damu changa!" Kinyozi alisema, kwa heshima kabisa, akaenda kumalizia sabuni.

Mshonaji alilamba uzi, akaupitisha kwenye tundu mara moja, bila kukosea. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha zambarau. Alikigeuza upande huu na upande huu, akakiweka chini ya sindano, akaushusha ule mguu wa chuma unaokibana. Mikono yake ilisita mwanzoni, kisha ikakumbuka. Binti aliitazama. Tangu siku ile ya kwanza alichokitaka ni kuiona mikono hiyo ikifanya kazi, na sasa aliiona. Palikuwa na mwanga wa kutosha.

Mama Vifaranga aliingia akinyata, akauchukua ungo mapajani kwa Mshonaji, akatafuta pa kuuweka.

"Nimalize huu mshono mmoja," Mshonaji alisema, bila kugeuka, na miguu yake ikaanza kukanyaga. "Ukichoka niambie."

Binti alisema amechoka. Cherehani ile ilikuwa ya zamani sana, na ilikuwa na kelele.